Bakuli la Mama Yassin

Kitabu cha Shule ya Jumapili tulicholetewa na wafadhili kilikuwa na picha nzuri sana, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Somo la ukarimu lilikuwa na picha ya mtoto mwenye nywele za njano, amevaa koti juu ya koti, amesimama mlangoni kwa bibi mmoja. Mikononi alishika kitu cha duara kinachofuka moshi, na chini kote kulikuwa na theluji. Watoto wangu wa mtaa wetu wa Igogo walikikodolea macho kile kitu cha duara kipindi kizima.

"Mwalimu, ni ugali?"

"Siyo ugali. Ni kama keki yenye matunda ndani."

"Mbona unga umemwagika chini?"

"Siyo unga. Ni theluji."

"Theluji inaliwa?"

Gladness, ambaye mama yake anauza mboga na kwa hiyo anajua bei za vitu, alisema ni dhambi kumwaga unga kiasi kile wakati watu wanalia bei imepanda. Wenzake wakakubali. Wakatoka kanisani wakiwa na hakika kwamba yule mtoto wa kwenye picha ana tabia mbaya sana, na kwamba bibi alikuwa anakwenda kumchapa.

Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyetwanga mahindi. Nikapiga magoti, nikamwambia Mungu: hawa ni watoto wako, mimi nimeshindwa, nionyeshe njia. Nilipokuwa bado chini pale nikakumbuka nyumbani kwetu Misungwi. Jirani akikuletea chakula kwenye bakuli, bakuli lile halirudi kwake tupu. Mama alikuwa akiliosha, analifuta, halafu anatia chochote kilichopo: karanga kidogo, au michembe, vile viazi vyetu vikavu vya kuchemsha. Hakuwahi kusema kwamba hiyo ni dini. Aliona tu aibu kumrudishia mtu chombo kitupu. Nikaona hilo ndilo somo. Halihitaji theluji.

Jumapili iliyofuata nikawaambia watoto kila mmoja aombe kwao chakula kidogo kwenye bakuli, apeleke kwa jirani, halafu angoje aone. Nikawafundisha wimbo wa kupiga makofi: bakuli halirudi tupu, Mungu anapenda lisirudi tupu. Tuliimba hadi kuta zikatetemeka. Wote waliimba vizuri, lakini aliyeimba kuliko wote ni Rose, binti wa Machibya, mtoto mwembamba ambaye ukimwambia neno leo atakurudishia lilelile baada ya mwezi, bila kupunguza herufi.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba niliona fahari, na kwa fahari hiyo nilistahili yaliyofuata. Maharage ya kina Gladness yalishuka kwa Mama Yassin, jirani yangu Mwislamu anayekaa karibu na bomba la maji, na bakuli likapanda na maandazi. Mama Yassin akanipigia kelele kutoka uani kwake, "Mwalimu! Hili hata kwetu lipo, msidhani mmelianzisha ninyi!" Nikacheka. Hata Mzee Maige, mzee wetu wa kanisa, mtu asiyesifu ovyo, alisema, "Naona watoto wanasikia."

Wiki ya pili nilitamani wasingesikia.

Wa kwanza kugonga mlango wangu alikuwa mama yake Gladness. "Mwalimu Suzana, umemfanya nini mwanangu? Nimemtuma akachukue kikaango changu nilichoazimisha. Amerudi mikono mitupu. Namuuliza kikaango kiko wapi, ananiambia, mama, walitaka kunipa kitupu, nikakataa!"

"Nitazungumza naye."

"Zungumza naye sasa hivi. Samaki wangu wanaoza."

Baada yake wakaja wengine. Mtoto mmoja alirudisha chupa ya mafuta ya taa kwa wenyewe akiwa ameijaza maharage, kwa moyo mweupe kabisa, na maharage ya siku nzima yakanuka taa. Mwingine aligoma kupokea ndoo kwa kuwa ilikuwa tupu. Na Jumapili ile kikapu cha sadaka kilipopitishwa kwenye mabenchi ya watoto, walikitia karanga za kukaanga, wengine karanga nzima na wengine maganda tu, kwa sababu Mungu naye hapaswi kurudishiwa chombo kitupu. Mzee Maige alikaa sakristia baada ya ibada akichambua maganda, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Mwalimu," aliniita.

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi kwenye kitabu."

"Mzee, kwenye kitabu kuna theluji."

"Theluji haijachafua sadaka ya mtu hapa."

Nilimwomba Mungu anipe upole, nikafunga mlango wa sakristia kwa nguvu kidogo kuliko nilivyokusudia.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonikosesha usingizi ni kwamba Rose aliacha kuja. Jumapili ya kwanza nilidhani anaumwa. Jumapili ya pili nilimwona kwa mbali amejibanza nyuma ya jiwe kubwa lililo kwenye mteremko juu ya kanisa, anasikiliza wenzake wakiimba. Nilipomwita alikimbia. Mtoto mmoja kati ya wote aliyekuwa akielewa kila neno, na ndiye niliyempoteza. Nilitaka arudi. Sikutaka kingine.

Sababu niliipata kwa Mama Yassin, na niliipata kwa ukali.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Mama Yassin alikuwa na desturi ya kugawa futari kwa majirani wa dini zote. Siku moja alimpelekea Mama Rose tambi za sukari kwenye bakuli jeupe la bati lenye waridi jekundu ubavuni na mfuniko wake. Bakuli halikurudi.

"Silo bakuli tu, mwalimu," aliniambia akiwa amesimama mlangoni kwangu, ameshika kiuno. "Ni bakuli la mama mkwe. Alinipa siku ya harusi. Na mama mkwe anakuja na treni kutoka Tabora kwa ajili ya Idi. Unamjua mama mkwe? Hatavua hata viatu. Ataniuliza, Moza, bakuli langu liko wapi? Nimjibu nini? Liko juu kwenye mawe, limekwenda kanisani?"

"Pengine Mama Rose amesahau."

"Nimempungia mkono bombani, amegeuza uso. Mtu aliyesahau hageuzi uso." Akanielekezea kidole. "Wewe ndiye uliyewaimbisha watoto mambo ya mabakuli. Kalilete."

Nikafunga unga kidogo kwenye pindo la kanga, kwa nia njema, nikapanda kwa kina Rose.

Nyumba yao iko juu kabisa, imeegemea jiwe, na njia yenyewe ni ya kupanda kama mbuzi. Machibya alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Kiwanda kilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Sasa alikuwa anaamkia mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki, kungoja kama kuna atakayehitaji mtu wa kubeba samaki, na siku nyingi hapakuwa na wa kumhitaji, maana vijana walikuwa wengi na mgongo wake siyo wa kijana.

"Karibu, mwalimu," alisema Dorotea, Mama Rose. Hakutabasamu, lakini alinipa kigoda.

Rose alitoka ndani, akapiga magoti kama anavyosalimu mtoto wa Kisukuma aliyelelewa. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Rose. Mbona umenikimbia?"

Alikwenda kwenye mtungi uliokuwa kwenye kona, akachota maji, akaniletea kikombe kwa mikono miwili. Nilikunywa yote kwa mkupuo mmoja, maana mlima ulikuwa umenimaliza, nikamrudishia kikombe bila hata kufikiri. Kisha nikaliona bakuli. Lilikuwa kwenye rafu, limeoshwa likang'aa, limefunikwa kitambaa cha kufumwa.

"Mama Rose, lile siyo la Mama Yassin?"

"Ni la kwake."

"Analitafuta. Ana mgeni."

"Najua analitafuta!" Dorotea aliweka chini kisu cha mboga. "Unadhani nimeliiba? Nimelifikisha mlangoni sijui mara ngapi nimpelekee mwenyewe. Huyu analishika na kulia. Anasema ni tupu."

"Ni tupu," alisema Rose taratibu.

Nilimvuta karibu. "Rose, mwanangu, unaweza kulirudisha hivyo hivyo. Mama Yassin hatakasirika."

"Ulisema Mungu anapenda lisirudi tupu."

"Nilisema. Lakini siyo lazima kila siku."

"Kwa hiyo siku nyingine hapendi?"

"Anapenda. Ila kama nyumbani hakuna kitu..."

Nilisikia nilichokisema kilipokuwa kimeshatoka. Dorotea alikuwa ameinua macho, akanitazama mimi, kisha akautazama unga wangu uliofungwa kwenye kanga, na kifundo kile kilionekana kikubwa kuliko kilivyokuwa.

"Hicho ni nini?"

"Ni kidogo tu. Nilifikiri mngetia ndani ya bakuli, mambo yakaisha."

"Nikitia unga wako kwenye bakuli lake, aliyerudisha ni nani?"

"Hakuna atakayejua, Mama Rose."

"Huyu atajua." Alimwonyesha Rose kwa kidevu. "Na mimi nitajua. Mwalimu, tulipokuwa na kitu tulikuwa tunatoa, wewe ni shahidi. Tambi za mwenzangu tulizila usiku ule, zilikuwa tamu, namshukuru. Lakini wewe umemfundisha mtoto wimbo, na wimbo wenyewe mimi siwezi kuulipia. Sasa anasema hawezi kwenda kuimba Mungu anapenda hiki na kile wakati bakuli la watu liko ndani kwetu. Nimfanye nini? Nimpige kwa sababu amekusikiliza?"

Niliteremka na unga wangu. Nusu ya njia nikakaa juu ya jiwe, nikaomba, na sikuomba kwa sauti ya unyenyekevu. Nilisema: Bwana, nilikuomba wasikie. Wamesikia. Asiyesikia ana nafuu, anakuja kanisani na kula karanga za sadaka. Anayesikia amejificha nyuma ya jiwe. Sasa unataka nifanye nini? Kisha nikaona haya, nikaomba msamaha, nikabaki na hasira yangu vilevile.

Siku zikapita, na mama mkwe akateremka stesheni. Jioni ile ile Mama Yassin alikuja kwangu akiwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Twende."

"Mama Yassin, umefunga, umechoka. Ngoja ufuturu kwanza."

"Nifuturu wapi? Amekaa jikoni kwangu! Ameuliza mara moja, nimemwambia liko kwa jirani. Ameuliza jirani gani. Nimetoka kama ninakwenda dukani. Twende, mwalimu, kabla sijasema maneno ambayo yataniharibia funga."

Tukapanda. Alilalamika kila hatua: mawe, viatu, mama mkwe, mimi, mawe tena. "Watu wanajenga huku kwa nini? Wanakimbia nini?" Nilimwacha aseme, maana kila nilichofungua mdomo kusema wiki zile kilikuwa kinazaa jambo jingine. Tulipofika jua lilikuwa limegusa ziwa, na kule chini upande wa kivuko cha Kamanga maji yalikuwa mekundu.

Dorotea alikuwa mlangoni. Alipotuona alisimama wima.

"Karibuni."

"Tumeshakaribia, Mama Rose," alisema Mama Yassin huku akihema. "Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuchukua bakuli langu. Tupu, bovu, limetoboka, vyovyote lilivyo. Nipe tu."

"Rose, lilete."

Rose alilitoa bakuli kwenye rafu, lakini badala ya kumpa mwenyewe alilikumbatia kifuani. Machozi yalikuwa yameshaanza.

"Rose!"

"Bado, mama."

"Bado nini?" Mama Yassin alinigeukia mimi. "Mtoto ananiambia bado. Bakuli la mama mkwe wangu, bado. Mwalimu, huu wimbo wako una aya ngapi?"

Dorotea alinyoosha mkono kumnyang'anya, na nikajua akimnyang'anya, huyu mtoto hatarudi darasani kwangu mpaka awe mtu mzima. Nikafungua mdomo niseme chochote, hata kitu cha kijinga. Sikuwahi. Kutoka msikiti wa chini, adhana ya magharibi ikapanda juu ya mabati yote ya Igogo mpaka pale tuliposimama.

Mama Yassin alishusha mikono. Hasira yote ilimtoka, akabaki na uchovu peke yake. "Haya," alisema, "nimekutwa huku. Sina hata tende."

Rose alimtazama. Aliwajua watu wa Ramadhani. Amekua akiona kina Yassin wakikaa na vikombe mkononi wakingojea sauti ile. Akageuka, akaenda kwenye kona, tukasikia kata ikigonga ukingo wa mtungi. Akarudi polepole, macho kwenye bakuli, maji yakiwa yamelijaa mpaka kwenye waridi, akapiga magoti mbele ya Mama Yassin na kuliinua kwa mikono miwili.

Mama Yassin alipokea, akatazama ndani.

"Yamechemshwa?"

"Mama ameyachemsha asubuhi," alisema Rose. "Sababu ya kipindupindu."

"Bismillahi." Akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, kichwa nyuma, koo likipanda na kushuka, mpaka tukaona chini ya bakuli. Alipoliteremsha alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

"Mama Rose."

"Naam."

"Una mtungi ndani, na huniambii? Mimi nafuturu maji ya ndoo kila siku, ya moto kama uji! Haya ni baridi mpaka kwenye meno."

"Ni mtungi wa mama yangu," alisema Dorotea. Sauti yake ilikuwa bado ngumu, lakini alijibu. "Wa zamani ndio unaopoza hivyo."

"Halikurudi tupu," alisema Rose. Alituambia sote, na mimi zaidi.

"Halikurudi tupu, mwanangu. Umenifuturisha. Unajua sisi tunasema nini juu ya thawabu za mtu aliyemfuturisha mwenzake? Muulize Yassin atakuambia." Akaliweka bakuli kwapani na kugeuka aondoke.

"Mama Yassin," Rose alimwita. Alikuwa akitazama kwapa. "Sasa ni tupu."

Sisi watu wazima watatu tukatazamana.

"Nimeyanywa, mwanangu. Maji yenyewe nimeyanywa."

"Lakini linakwenda nyumbani."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Rose alikuwa ameshalichukua na kwenda nalo kwenye mtungi. Akalirudisha limejaa, akalifunika mfuniko, akampa. Na Mama Yassin, mwanamke ninayemwogopa, alilipokea kwa mikono miwili akaanza kuteremka mlima ule gizagiza likiingia, maji yakimwagikia kanga yake kila anapokanyaga jiwe, huku akisema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Mama mkwe anataka bakuli, ninampelekea kisima!"

Hapo Dorotea alicheka. Alishika mlango akacheka mpaka akakaa chini, na Rose akamtazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuona cha kuchekesha.

Chini pale Mama Yassin alisimama, akageuka. "Mama Rose! Siku ya Idi mje, wewe na Machibya na huyu hakimu wako! Na mje na maji ya mtungi, nyumba yangu itajaa wageni!"

"Tutakuja nayo!" Dorotea alijibu. Nilisikia jinsi alivyolitamka hilo "nayo", kama mtu aliyepata tena cha kutoa.

Jumapili Rose alifika kabla yangu. Nilimkuta amekaa benchi la mbele, miguu haifiki chini, nguo imefuliwa. Nilimshukuru Mungu moyoni, kweli kabisa, bila neno la ziada. Kisha wenzake wakaanza kuingia.

Gladness aliingia na kikombe cha maji. Aliyemfuata alikuwa na kopo la maji. Aliyemfuata alikuwa na chupa ya maji isiyo na kizibo. Habari ya bakuli ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na kila mtoto alikuwa ameielewa kwa namna yake. Walisukumana, wakagongana, wakamwagiana. Kabla ya wimbo wa kwanza sakafu ilikuwa imelowa kutoka mlangoni hadi kwenye meza yangu, na mdogo kuliko wote alikuwa amekaa katikati ya dimbwi akilipiga makofi.

"Ninyi," nilisema, "ni nani aliyewaambia mlete maji?"

"Hakuna," walijibu kwa pamoja, kwa furaha.

Mlango ukafunguka. Mzee Maige alisimama kizingitini, akatazama sakafu, akatazama viatu vyake vya Jumapili.

"Mwalimu. Na hili nalo limo kwenye kitabu?"

"Halimo, mzee."

Nilikuwa ninatafuta tambara la kudekia, na ninatafuta maneno, na sikuona lolote kati ya hayo. Rose alishuka kwenye benchi. Alichukua kikombe cha Gladness, akavuka dimbwi, akapiga magoti na kumpa mzee kwa mikono miwili. Joto la saa nne lilikuwa limeshaingia kwenye mabati, na Mzee Maige alikuwa amepanda kutoka barabarani kwa miguu. Alisitasita. Mtu wa kwetu hawezi kuyakataa maji aliyopigiwa magoti. Akanywa.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma, na kumnyooshea Rose kikombe.

Rose hakukipokea. Alikitazama ndani. Gladness naye akasogea akakitazama, na wengine nyuma yake, mpaka mzee alikuwa amezungukwa na vichwa.

"Mzee," alisema Gladness, "ni kitupu."

Mzee Maige alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Baada ya muda nilisikia akihema, halafu nikasikia mkono wake ukipekua mfuko wa koti, mfuko mmoja, kisha wa pili, akitafuta kama ana japo peremende moja.